Nguzo ya Kumi na Moja

Walimu wenzangu, mliponiaga mwezi uliopita mlinipa kiti cha kuegemea, mkaniambia sasa nikae nipumzike. Nimekaa siku tisa. Siku ya kumi nimechukua daftari, kwa sababu kukaa ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani na hakuna aliyenifundisha.

Sitaandika lini nilipandishwa cheo. Kila nilipopandishwa nilipewa meza kubwa zaidi na watoto wachache zaidi, mpaka mwisho nikabaki na meza tupu. Nitaandika kuhusu hesabu za mashindano, zile hesabu za maneno zilizoko mwisho wa sura, ambazo ninyi mkizifikia mnawaambia watoto, "Hizi tutazirudia." Hamzirudii. Nimekagua madaftari yenu miaka mingi, najua.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, katika shule ndogo juu ya milima ya Taita. Nilipanda kilima nikiwa na shati moja jeupe, rula ya futi moja, na cheti ambacho wino wake bado ulikuwa unanukia. Shule ilikuwa na vyumba vinne, madarasa manne na walimu watatu, mimi nikiwemo. Mtoto akimaliza darasa la nne alikuwa na njia mbili. Aende shule ya mbali yenye darasa la tano, akalale kwa watu, au arudi nyumbani akalime. Wengi walirudi nyumbani, na wasichana karibu wote.

Mwalimu mkuu aliitwa Mwalimu Mwandoe. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata akiita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Alikuwa anangoja tu mpaka wamwone. Asubuhi ya kwanza alinikabidhi darasa la nne pamoja na zana zake: sleti arobaini, tatu kati yake zimevunjika, kopo la chaki, na kamba ndefu ya mkonge iliyopigwa fundo kila yadi moja.

"Hii kamba uitunze," akaniambia. "Ukipotea kwenye hesabu, toka nje na hii kamba."

Nilishukuru kwa adabu na kuitundika ukutani. Sikuwa na mpango wa kupotea.

Nilianza siku hiyohiyo na hesabu niliyoipenda chuoni. Nikaandika ubaoni: mtu anataka kujenga ua ulionyooka wenye urefu wa yadi mia moja, na kila baada ya yadi kumi anasimika nguzo. Atahitaji nguzo ngapi? Kabla hawajafikiri nikawaonyesha njia, maana nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Mia moja gawanya kwa kumi. Nguzo kumi. Nikapiga mstari chini ya jibu, mistari miwili kwa kweli, kwa rula.

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kovu dogo la moto kwenye kidevu. Jina lake Wakio.

"Mwalimu, mbuzi watatoka."

"Mbuzi gani?"

"Wa huyo mtu. Huko mwisho hakuna nguzo."

Nikamwita mbele nikimpa chaki, nikijua ataaibika. Akachora nguzo ya kwanza pale ua unapoanzia, kisha akachora nyingine na nyingine, akihesabu nafasi katikati yake kwa kidole. Nafasi zilikuwa kumi. Nguzo zilikuwa kumi na moja. Akaweka chaki mezani, akarudi kukaa bila kunitazama, na nilimshukuru kwa hilo la kutonitazama. Mimi nilikuwa na cheti, yeye alikuwa na mbuzi. Nilifuta ile mistari yangu miwili kwa kiganja, na siku nzima watu waliona mkono wangu mweupe.

Jioni nilimweleza Mwalimu Mwandoe kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa ameshasikia. Akasema tu, "Sasa umeanza kazi," akaendelea kunoa kisu chake cha kukatia nyasi.

Muhula wa pili ukaja na habari iliyotutoa usingizini. Mkaguzi wa shule, Bwana Athumani, alipanda kilima kwa miguu akiwa amevaa kanzu na koti juu yake, akahesabu madirisha yetu, akanywa uji, kisha akasema. Mwaka ujao upande wetu wa milima utapewa darasa la tano moja. Shule mbili zimeliomba, sisi na wenzetu wa ng'ambo ya bonde. Mwalimu aliyepatikana ni mmoja na mabati yaliyopatikana ni ya chumba kimoja. Mwisho wa muhula kutakuwa na mashindano ya hesabu Voi, watoto wanne kutoka kila shule. Shule itakayofanya vizuri zaidi kati ya hizi mbili ndiyo itakayochukua darasa.

Mnaona uzito wake. Lakini kwangu uzito huo ulikuwa na sura ya mtoto mmoja. Baba yake Wakio, Mzee Mwanyumba, alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, na alinieleza msimamo wake akiwa amesimama kwenye mlango wa darasa, jembe begani.

"Mwalimu, darasa la tano likiwa hapa, Wakio ataenda. Likiwa mbali, hapana. Sitalaza mtoto wangu kwa watu."

"Mzee, ana akili sana huyu."

"Hiyo najua. Ni mimi niliyemzaa." Akaondoka zake.

Nikaanza kuwapika watoto. Niliwapa hesabu za umri, za magunia, za mafundi wanaojenga ukuta kwa siku saba. Kisha nikafikia ile niliyoiona ndiyo mfalme wa hesabu za mashindano. Tangi lina tundu juu na tundu chini. Maji yakiingia juu, tangi hujaa kwa saa tatu. Yakiachwa yatoke chini, huisha kwa saa sita. Matundu yote mawili yakiwa wazi, tangi litajaa kwa saa ngapi? Jibu ni saa sita. Nikawaachia sleti, nikatoka nje kuota jua, nikiwa na hakika kwamba watatu au wanne watalipata.

Niliporudi nilikuta darasa zima limeandika saa tatu. Wote! Na chini ya jibu, kwa maneno mbalimbali, wameandika jambo moja: kwanza ziba tundu la chini. Mmoja aliongeza kwamba yeye huziba kwa mgomba na udongo. Mwingine aliandika, "Aliyeacha wazi ni Mghanga, na si mara ya kwanza." Huyo Mghanga alikuwa jirani yao, mtu mzima, na nilikuja kujua baadaye kwamba ni kweli haikuwa mara ya kwanza.

Nilikasirika. Nilidhani wamenichezea shere. Nikapita kila dawati nikipiga mkasi wa kosa kwenye kila sleti, mkubwa, kutoka kona hadi kona. Wakio alitazama mkasi wake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwetu mimi ni vizuri kuacha maji yamwagike. Nikamwambia akae.

Mwalimu Mwandoe alizipitia zile sleti wakati wa mapumziko. Hakusema nimekosea. Alisema kesho twende pamoja kwenye mfereji kabla ya kengele, nivae viatu visivyo na thamani.

Mimi nilizaliwa upande wa chini, karibu na Salaita, kwenye nchi kavu, na mambo ya mifereji ya milimani sikuyajua. Asubuhi ile niliyaona. Maji yalishuka kutoka msituni kwa mfereji mmoja, yakaingia kwenye bwawa dogo la udongo, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Mwenye zamu huziba tundu la bwawa jioni, bwawa linajaa, asubuhi analifungua maji yaende shambani kwake. Anayejaza bwawa huku tundu liko wazi anamwibia anayemfuata, na adhabu yake ni kukosa zamu. Mtoto wa miaka mitano aliijua sheria hiyo kabla ya kujua jina lake kamili.

"Sasa," Mwalimu Mwandoe akasema, akikanyaga tope, "mtoto wa hapa ukimwambia kuna tundu wazi, atafanya nini?"

"Ataziba."

"Na wewe ukampigia mkasi. Swali lako lina tundu, lakini halina mwenye kiu. Mpe mtoto mwenye kiu, hataziba."

Nilirudi shuleni na tope hadi magotini, nikaingia darasani nikawaambia watoto kwamba jana mwalimu alikosea, swali lilikuwa na kasoro. Sijawahi kuona darasa likifurahi hivyo. Walipiga makofi, wakagonga madawati, mpaka darasa la tatu likaja dirishani kuuliza kuna nini. Kisha nikawapa kazi: kila mmoja atunge hesabu ya tangi, na lazima aseme ni nani anakunywa.

Walivyotunga! Palikuwa na mbuzi wanaokunywa kwenye hori huku baba anamimina. Palikuwa na harusi ambapo akina mama wanajaza pipa na wageni wanalimaliza. Wakio alitunga kuhusu shangazi yake, ambaye alikuwa na ng'ombe mmoja asiyetosheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye dawati. Na kwa sababu kila hesabu sasa ilikuwa na mwenye kiu, hakuna hata mmoja aliyeziba.

Njia ya kuzifanya tuliipata pamoja, na hii mwiandike, maana vitabu vyenu huanza na sehemu za sehemu na watoto wanalala. Tafuteni kipimo ambacho namba zote mbili zinagawanya sawasawa. Saa tatu na saa sita? Tuseme tangi ni mitungi sita. Kila saa inaingia miwili na unatoka mmoja. Kila saa unabaki mtungi mmoja. Mitungi sita, saa sita. Mtoto wa darasa la nne anaiona kwa macho. Tulifanya kwa vijiti vya mkonge, maana tulijaribu kwa punje za mahindi na hesabu zikawa hazitoki sawa, mpaka nikagundua kwamba zilikuwa zinaliwa.

Tulishuka Voi siku moja kabla ya mashindano: mimi, Wakio na wavulana watatu. Tulitembea hadi Mwatate, tukapata lori la mkonge, tukafika tumejaa vumbi mpaka kope. Tulipokewa mtaa wa Kaloleni na familia ya mtu wa reli, wakatupa maji ya kuoga na wali wa nazi ambao wavulana waliuzungumzia muhula mzima uliofuata. Kulikuwa bado na jua, nikawapeleka kuona gari la moshi. Hakuna kati yao aliyewahi kuliona.

Liliingia stesheni likipiga kelele na kutoa moshi, na wavulana wakakimbia nyuma yangu. Mimi nami nilikuwa nimerudi nyuma, kwa hiyo waliishia mbali. Wakio alibaki pale alipokuwa. Injini ilisogea hadi chini ya tangi kubwa la chuma lililosimama juu ya miguu yake, mtu akavuta bomba pana kama mguu wa ndovu, akaliingiza juu ya mgongo wa injini, na maji yakaanza kushuka kwa kishindo. Wakati huohuo bomba jingine lilikuwa likiendelea kuliingizia tangi maji. Tuliyasikia yakilia ndani ya chuma.

Wakio aligeuka, uso wake wote unang'aa. "Mwalimu! Kumbe ni huyu!"

"Huyu nani?"

"Mwenye kiu!"

Asubuhi ukumbi ulijaa shule sita. Watoto wa kutoka Njukini, upande wa Taveta, walikuwa moto wa kuotea mbali. Walikulia sokoni, na hesabu yoyote ya mahindi au maharagwe walikuwa wameshaijibu kabla msomaji hajavuta pumzi. Walichukua nafasi ya kwanza mapema, na sikuumia, kwa sababu kwao darasa la tano lilikuwepo tayari. Macho yangu yalikuwa kwa shule ya ng'ambo ya bonde. Tulikwenda nao bega kwa bega. Wavulana wangu wawili walijibu vizuri, wa tatu akasahau kugeuza futi kuwa yadi, nikakanyaga mguu wangu mwenyewe. Ilipobaki zamu ya mwisho tulikuwa sawa kabisa. Msichana wao alikosa hesabu yake kidogo tu. Akabaki Wakio.

Bwana Athumani alivaa miwani, akasoma karatasi kwa sauti yake safi ya pwani. "Tangi lina mabomba mawili. Bomba la kwanza hulijaza kwa saa nne. Bomba la pili huyamwaga maji yote kwa saa sita. Mabomba yote mawili yakifunguliwa kwa pamoja, tangi litajaa kwa muda gani?"

Lilikuwa tundu tupu, bila mbuzi, bila harusi, bila shangazi. Muhula mzima nilikuwa nimewalea na wenye kiu, na nilikuwa sijawaambia kwamba duniani watu wanauliza maswali bila kuwataja. Hilo lilikuwa kosa langu, si lake. Wakio alisimama. Nilimwona akitazama dari kama anayetafuta aliyeacha tundu wazi.

Kisha akasema, "Bwana, naomba kuuliza."

Mwalimu wa ng'ambo ya bonde akasimama haraka. "Mshindani haulizi, mshindani anajibu!"

"Tafadhali keti, mwalimu," Bwana Athumani akasema bila kumtazama. "Uliza, binti yangu."

"Hiyo bomba ya pili, kuna mtu anakunywa? Ama imesahaulika tu?"

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Bwana Athumani alivua miwani, akaitazama karatasi yake, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi. Hakukuwa na kitu.

"Hawakuandika," akasema taratibu. "Na ilipasa waandike. Haya, tuseme yuko anayekunywa. Ni gari la moshi."

"Basi ni saa kumi na mbili, Bwana."

"Umejuaje?"

"Tangi ni mitungi kumi na miwili. Kila saa inaingia mitatu. Gari la moshi linakunywa miwili. Unabaki mmoja. Kumi na miwili, ni saa kumi na mbili."

"Na kama hakuna anayekunywa?"

"Nitaziba, Bwana. Saa nne." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na aliyeacha wazi akose zamu."

Bwana Athumani alicheka mpaka akavua kofia yake na kujipangusa uso nayo. "Sahihi," akasema alipopata pumzi. "Wallahi, yote mawili ni sahihi." Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Nililia, na sina sababu ya kuwaficha. Mwalimu wa ng'ambo ya bonde alinipa mkono, akaninong'oneza kwamba na kwao pia wangeziba.

Tulipokea darasa la tano kwa sharti moja. Kabla ya mwaka mpya chumba kiwe kimekwisha, na bustani ya shule iwe na ua upande wa njia, kwa sababu mbuzi walikuwa wanakula mboga na kuingia madarasani. Wazazi walijitolea. Chumba kilipanda haraka, na siku ya ua Mzee Mwanyumba aliongoza kazi mwenyewe. Nilileta ile kamba ya mafundo, tukapima upande wa njia kutoka kona ya darasa jipya hadi kwenye jiwe kubwa. Yadi mia moja kamili.

Walichimba, wakasimika, wakashindilia. Nikaenda kuandaa orodha ya majina ya darasa la tano. Niliporudi kazi imekwisha, wanaume wamekaa kwenye nyasi, na kule mwisho, karibu na jiwe, nikaona pengo. Mbuzi wawili walikuwa wameshalipitia. Walikuwa kwenye kabichi.

"Mzee," nikasema, "mbona hapa pako wazi?"

Mzee Mwanyumba alinitazama bila hata kutikisa kope. "Tumesimika nguzo kumi, Mwalimu. Yadi mia moja, kila yadi kumi nguzo moja. Si ndivyo ulivyofundisha?"

Hapo wakaangua kicheko, wanaume wazima, wengine wakilala chali. Mwalimu Mwandoe, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alikuwa amejishika tumbo. Na kutoka nyuma ya darasa jipya akatokea Wakio, akiburuta nguzo kwa kamba, jasho linamtoka.

"Ya kumi na moja," akasema. "Ni yako, Mwalimu."

Hawakumwacha mtu anisaidie. Nilivua lile shati jeupe, nikachimba shimo mwenyewe, na mikono yangu ya chaki ikatoka malengelenge. Niliisimika nguzo, nikaishindilia udongo kwa kisigino. Wakio akaisukuma kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono miwili, kisha akaiegemea kwa bega. Haikutikisika. Akatoa kipande cha chaki mfukoni, na juu ya gome, mbele ya baba yake na watu wote, akanipigia alama ya sahihi, kubwa, kutoka kona hadi kona.